Pindo, mji na mwale unaokosa shabaha

Hotuba hii, kuhusu mwale wa maikrowevu unaopotoshwa njiani ndani ya mashine ya myeyungano wa nyuklia, niliitoa Tanga, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita pamoja na walimu wao wa fizikia. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na maswali ya wanafunzi nimeyaacha pale pale yalipoingilia.

Mwenyekiti, walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Najua mmetoka kula sasa hivi, na joto hili la saa nane linawavuta macho, kwa hiyo nitaanza na redio. Fizikia itafuata yenyewe.

Babu yangu, kule Pangani, alikuwa na redio ya mkulima. Ikifika jioni alitoka nayo barazani, akaunganisha antena na waya wa shaba uliofungwa kwenye tawi la mwembe, akatafuta masafa mafupi. Alikuwa akisikiliza idhaa ya Kiswahili kutoka London, kisha akahamia ya Ujerumani. Sisi wajukuu tulikatazwa hata kukohoa. Basi mtangazaji anaanza sentensi kwa sauti safi, nzito. Akifika katikati anadidimia kama mtu aliyetumbukia kisimani. Akiibuka, yuko kwenye habari nyingine kabisa. Babu aliziona betri ndizo zenye kosa. Kesho yake asubuhi utazikuta zimeanikwa juani juu ya bati, nne, zimepangwa kama dagaa.

Betri hazikuwa na hatia. Kosa lilikuwa kilomita 300 juu ya ule mwembe. Huko hewa ni nyembamba mno, na jua la mchana linazing'oa elektroni kutoka kwenye atomi zake. Gesi iliyong'olewa elektroni namna hiyo ndiyo tunayoiita plazima. Mawimbi ya redio yakifika huko yanapinda na kurudi chini, na ndivyo sauti ya London ilivyoweza kufika Pangani bila waya. Lakini plazima ile haijatulia. Ina vilima na mabonde, ina mapovu, na sisi tulio karibu na ikweta tunapata sehemu kubwa ya vurugu hizo, hasa jua likishazama. Wimbi moja linamfikia babu kwa njia mbili tatu zisizolingana urefu. Zikikutana sawasawa, sauti inapanda. Zikikutana kinyume, zinauana, na mtangazaji anazama kisimani.

Sasa nipeni dakika moja ya hesabu. Chukua idadi ya elektroni katika mita moja ya ujazo. Tafuta kipeuo chake cha pili. Zidisha kwa 9. Jibu, kwa hezi, ni mpaka: wimbi lenye masafa chini ya hapo haliwezi kupenya plazima hiyo. Angani juu, penye elektroni nyingi zaidi, kuna kama 10 kwa kipeo cha 12 katika kila mita ya ujazo. Kipeuo chake ni milioni moja. Mara 9, unapata megahezi 9. Ndiyo maana masafa mafupi yanarudi duniani, na ndiyo maana redio zenu za FM, zilizo kwenye megahezi 88 hadi 108, zinapenya na kwenda zao.

Iwekeni hiyo 9. Kazi yangu ya kila siku iko mbali sana na ule mwembe, ila 9 ni ile ile.

Kazi yenyewe ni hii. Watu wanajaribu kuzalisha umeme kwa myeyungano wa nyuklia, yaani kuzigonganisha nyuklia nyepesi za deuteri na triti, aina mbili za hidrojeni, mpaka ziungane kuwa heliamu na kutoa nishati. Jua linafanya jambo la namna hiyo kwa uzito wake mkubwa. Sisi hatuna uzito huo, kwa hiyo tunalipa kwa joto: nyuzi milioni 150 hivi. Hakuna sufuria ya joto hilo. Tunaifungia plazima ndani ya ugasumaku wenye umbo la tyubu ya tairi, na mashine hiyo inaitwa tokamaki, jina la Kirusi, kwa kuwa ilianzia Umoja wa Kisovieti. Kubwa kuliko zote inajengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, nayo ni ITER. Wanaoijenga ni Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Ratiba iliyotangazwa 2024 inasema utafiti wenyewe utaanza 2034, na mimi sitaapa kwa ratiba ya mtu yeyote anayejenga kitu cha aina hii.

Ndani ya tokamaki kuna elektroni kama 10 kwa kipeo cha 20 katika mita ya ujazo. Fanyeni hesabu ya babu. Kipeuo ni bilioni 10. Mara 9, ni gigahezi 90. Ukitaka wimbi lako lipenye, panda juu ya hapo. ITER imechagua 170.

Kwa nini tunataka lipenye? Kwa sababu elektroni zilizofungwa na sumaku zinazunguka, na kasi ya kuzunguka inategemea nguvu ya sumaku peke yake: gigahezi 28 kwa kila tesla moja, tesla ikiwa kipimo cha nguvu hiyo. Ukileta wimbi linalopiga kwa mdundo huo huo, unamsukuma mtoto kwenye bembea kila anapokurudia. Elektroni inachukua nishati, plazima inapata joto. Na kwa kuwa sumaku haina nguvu sawa kila mahali, mdundo unakubaliana na elektroni katika ukanda mmoja tu mwembamba. Unachagua mahali pa kupasha moto. Hakuna njia nyingine ya kupasha plazima inayolenga vizuri kiasi hicho, na kulenga ndiko kutakakotuchukua mchana huu.

Mawimbi hayo yanatoka kwenye jairotroni, chombo kilichobuniwa Gorky katika miaka ya 1960, mji ambao leo ni Nizhny Novgorod. Jairotroni moja ya ITER inatoa megawati 1. Maikrowevu ya jikoni inatoa kama wati 800. Basi chukua maikrowevu 1,250, zifungue milango zote, uzielekeze kwenye tundu moja lisilozidi upana wa sahani ndogo. Tundu lenyewe limezibwa kwa kioo cha almasi chenye unene wa milimita 1 na kidogo, maana kioo cha kawaida kingepasuka. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa niliuliza kama imetoka Mwadui. Walicheka sana. Ni almasi ya kuoteshwa maabara.

Sasa tuingie ndani kidogo. Mistari ya ugasumaku ndani ya tokamaki imejipanga tabaka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu, na joto linabaki katikati kwa sababu ni vigumu kwake kuvuka kutoka ganda hadi ganda. Mara nyingine maganda yanachanika na kujiunga vibaya, na katika mchaniko huo vinatokea visiwa. Ndivyo tunavyoviita hata kwenye karatasi za utafiti: visiwa vya sumaku. Ndani ya kisiwa joto linavuka kwa urahisi, shinikizo linakuwa sawa upande huu na ule. Na hapo ndipo ubaya unapozaliwa, kwa sababu sehemu ya mkondo wa umeme ndani ya plazima inatokana na tofauti ya shinikizo. Shinikizo likiwa sawa, mkondo ule unakatika, kisiwa kinabaki na pengo la mkondo, na pengo linakikuza kisiwa. Kikikua kinapunguza mwendo wake wa kuzunguka, mwisho kinaganda, na plazima nzima inaweza kuanguka katika sehemu chache za elfu za sekunde. Katika ITER mkondo huo ni ampia milioni 15. Hakuna anayetaka kujua kwa vitendo utakimbilia wapi.

Dawa ni kuliziba pengo. Mwale wa maikrowevu ukiingizwa kwa mshazari unasukuma elektroni upande mmoja, na elektroni zinazokwenda upande mmoja ni mkondo. Mnawajua mafundi wa kalafati kule bandarini. Fundi hapaki pamba ubavu mzima wa jahazi. Anaigongea kwenye upenyo, na upenyo ni mwembamba. Kisiwa tunachotaka kukiwahi kikiwa kidogo kina upana wa sentimita chache. Mwale unatoka dirishani, unapita ndani ya plazima zaidi ya mita moja, na unatakiwa utue humo.

Hapo ndipo nimeingia mimi na wenzangu, na hapo naomba mtu mmoja anisaidie.

(Nilikuwa nimeweka bakuli la kioo lenye maji juu ya pengo la madawati mawili, na tochi ndogo ya leza chini yake ikitazama juu. Mwanafunzi wa kike wa safu ya mbele alisimama. Nilimwambia ashike karatasi shubiri moja juu ya maji. Nukta nyekundu ilitulia kwenye karatasi. Nikagusa maji kwa ncha ya kidole. Nukta ilitetemeka kidogo tu, kama kope. Nikamwambia aondoe karatasi. Nukta ikaenda darini, nikagusa maji vile vile, na sasa ilikuwa inaruka huku na huku, inakatika vipande, inajiunga, ikizunguka eneo la ukubwa wa sinia. Nyuma mtu akasema, "Duh.")

Duh hiyo ni sahihi. Kidole changu hakikuongeza nguvu. Kilichoongezeka ni umbali kutoka kwenye maji mpaka darini.

Mama zetu wanajua kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Plazima nayo ina pindo na mji. Jina bado tunalitafuta. Mji ni ile sehemu ya ndani yenye nyuzi milioni 150. Kule elektroni zimetulia kwa kiasi: msongamano unapanda na kushuka kwa asilimia moja hivi. Pindo ni ukanda wa nje, wa sentimita kadhaa, ambako joto limeshuka mpaka nyuzi laki kadhaa, na huko hakukaliki. Msongamano unaweza kubadilika kwa makumi ya asilimia, hata kwa asilimia 100. Plazima inatokea pindoni kwa madonge, na donge si la mviringo: limenyooka kufuata sumaku kama tambi, urefu wa mita kadhaa, unene wa sentimita moja hivi, linakimbilia nje kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 1 kwa sekunde. Sasa mwale wetu lazima ulivuke pindo ndipo ufike mjini. Hauna mlango mwingine.

Tuchukue donge moja la kawaida, elektroni 10 kwa kipeo cha 19 kwa mita ya ujazo kuzidi jirani zake, unene sentimita 1. Wimbi la gigahezi 170 lina urefu wa milimita 1.76. Ukipiga hesabu, likipita ndani ya donge linatofautiana na wenzake waliopita kando kwa sehemu 1 kati ya 13 ya wimbi. Ni kitu kidogo. Mtu mwenye haraka angekipuuza, na kwa miaka mingi programu za kupanga miale zilikipuuza kweli: zilichukua msongamano wa wastani, zikachora mstari laini, basi. Lakini tofauti hiyo inatosha kuupotosha mwale kwa kiasi cha nyuzi 0.8. Tembea na nyuzi 0.8 kwa mita 2 uone unatua wapi: umekosa kwa karibu sentimita 3. Upenyo wenyewe ulikuwa sentimita chache. Na donge haliji moja.

Kuna jambo hapa lililonigharimu wiki tatu za ujana wangu. Lenzi ya kioo, ikiwa nene katikati, inakusanya mwanga. Donge la plazima linafanya kinyume: palipo na elektroni nyingi, wimbi linasukumwa kando, na palipo na upungufu linavutwa ndani. Yaani donge linatawanya, shimo linakusanya. Nilijua hivyo tangu darasani. Nilipoandika programu yangu ya kwanza, penye alama ya kutoa nikaweka ya kujumlisha. Programu ilikimbia vizuri, picha zikatoka za kupendeza, madonge yakiukusanya mwale kama vioo vya kukuzia. Nilifurahi, nikatengeneza mabango, nikaanza na kuandika makala kichwani. Kisha akapita mzee mmoja wa karakana, si profesa, fundi wa mirija ya mawimbi, akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa. Akauliza, "Kwa nini plazima yako ni kioo?" Akaondoka. Niliitafuta ile alama mpaka saa sita usiku.

Hesabu zenyewe ni nzito, na hili nalisema kwa ajili ya wale wanaopenda kompyuta. Ukitaka kulifuata wimbi kikamilifu unagawa nafasi katika vyumba vidogo, kama 20 kwa kila urefu wa wimbi. Kwa gigahezi 170, mchemraba wa sentimita 20 tu, ambao ungeingia kwenye ndoo, unahitaji vyumba karibu bilioni 12. Kwa hiyo wengine wanafuata njia za takwimu: hawamuulizi kila donge jina lake, wanauliza madonge kwa ujumla wao yanautawanya mwale kiasi gani. Kilichojitokeza katika njia zote ni kwamba mtawanyiko unakua na mraba wa ukubwa wa msukosuko, yaani huko kupanda na kushuka kwa msongamano. Msukosuko ukizidi mara 2, madhara yanazidi mara 4. Kwa unene wa pindo, yanakua sambamba tu.

(Hapa mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, umesema madonge yanakimbia. Sasa mwale unayumba, hautulii. Si ungengoja tu donge lipite?")

Swali zuri sana, na jibu lake lina sura mbili. Mwanga unakwenda sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kuvuka mita 2 unahitaji sehemu 7 za namna hiyo. Katika muda huo, donge linalokwenda kilomita 1 kwa sekunde limesogea sehemu 7 kati ya 1,000 za milimita. Kwa macho ya mwale, madonge yamesimama kama picha ukutani. Kila mwale unakutana na picha moja iliyoganda, unavunjika kwa namna ya picha hiyo.

Lakini plazima ya mjini ni mzito wa kuona. Inapata joto na kujenga mkondo kwa muda wa sehemu za elfu za sekunde na zaidi, na ndani ya muda huo picha zimebadilika mara nyingi mno. Mmewahi kuzungusha kijinga cha moto gizani? Moto ni nukta, jicho linaona duara. Plazima nayo haioni mwale mwembamba unaoyumba. Inaona mwale mnene uliotulia. Kungoja hakusaidii, maana likipita donge hili linakuja lile, maelfu kwa maelfu.

Na tuelewane: nguvu haipotei. Karibu yote inafika na kumezwa huko ndani. Mhasibu anayepima megawati zilizoingia na zilizomezwa ataona vitabu vyake viko sawa. Kilichopotea ni shabaha. Mwale ukitanuka mara 2, mkondo pale katikati ya kisiwa unabaki nusu, na nusu nyingine imegongewa kwenye mbao nzima.

Hayo ni ya karatasi. Je, kuna aliyeyaona? Lausanne, Uswisi, kuna mashine ndogo, TORPEX, ambayo plazima yake ni hafifu kiasi kwamba unaweza kuipima donge kwa donge. Walipitisha mwale wa karibu gigahezi 30 na kutazama nini kinatokea donge likikatiza. Lilitawanya, kama yule mzee wa kahawa alivyotaka. Katika jengo hilo hilo la utafiti kuna tokamaki ya kweli, TCV. Huko waliutuma mwale kutoka juu, ukavuka pindo la plazima, na wakapima kilichofika upande wa pili: nguvu iliyopokelewa ilikuwa ikipanda na kushuka kwa kufuatana na madonge. Nilipoona ule mchoro, mstari unaopanda na kuzama, nilimkumbuka babu na betri zake. Ni mtangazaji yule yule anayezama kisimani.

San Diego, Marekani, kwenye mashine ya DIII-D, walifanya jambo gumu zaidi. Waliwasha na kuzima jairotroni za gigahezi 110 kwa mpigo wa haraka, wakatazama joto linatua wapi. Ugumu ni kwamba joto nalo linatembea lenyewe baada ya kutua. Ukikuta mchele umetapakaa uani, utajuaje kama umemwagika ulipokuwa ukimiminwa, au kuku wameutawanya baadaye? Ilibidi watenganishe kazi ya mwale na kazi ya kuku. Baada ya kutenganisha, katika baadhi ya hali upana uliobaki ulizidi mara 2 ule uliotabiriwa na programu za mstari laini. Na katika hesabu za ITER, ambako njia kutoka pindoni mpaka kisiwani ni ndefu zaidi, matokeo ya kutanuka mara 2 au zaidi yamejitokeza pia.

(Swali la pili, kutoka kwa yule yule msichana wa karatasi: "Si muongeze nguvu basi? Kama nusu imekosa, wekeni mara mbili.")

Ndiyo jibu la kwanza la kila mhandisi, na kwa sehemu ndilo linalofanyika. Mpango wa awali wa ITER ulikuwa jairotroni 24. Mpango wa 2024 umeziongeza sana, kwa sababu zake nyingine pia. Lakini angalia bei. Lengo la mashine ile ni kutoa megawati 500 za myeyungano kwa megawati 50 za kupasha moto. Kila megawati unayoimwaga kufidia shabaha mbaya inaula uwiano huo. Na jairotroni yenyewe, umeme unaoingia ni karibu mara 2 ya mawimbi yanayotoka. Umeme wa nani? Wa kituo hicho hicho unachotaka kiuze umeme.

Njia nyingine ni kupandisha masafa. Ukiyafanya mara 2, donge linapungua makali mara 4. Tungefanya kesho, ila sumaku inatushika mkono: 28 kwa kila tesla, kumbukeni. Gigahezi 170 zinahitaji tesla 6 hivi, na ITER ina tesla 5.3 katikati, zaidi kidogo ukielekea ndani. Mtu akikuletea gigahezi 340 umwulize kwanza analeta na sumaku gani.

Walimu wangu wataniuliza kama msukosuko huu una faida yoyote. Unayo, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu, ingawa muda umenibana. Tuma wimbi dogo, dhaifu, lenye masafa ya chini kidogo ya mpaka wa 9. Litarudi, kama lilivyorudi la London. Pima lilivyokawia, umejua msongamano uko umbali gani. Lielekeze kwa mshazari, na kile kidogo kinachorudishwa na msukosuko kitakuwa kimebadilika masafa kidogo kwa sababu ya mwendo wake, kama honi ya basi inavyobadilika likikupita. Umejua sasa msukosuko unakwenda kwa kasi gani, ndani ya kitu ambacho hakuna kipimo cha chuma kinachoweza kuingizwa. Kero ya mtu wa jairotroni ni barua kwa mtu wa vipimo. Wanakaa ofisi jirani na hawanunuliani chai.

(Mwenyekiti alikwisha kusimama kufunga. Kijana mmoja mwembamba wa kidato cha tano alinyoosha mkono, akaangaliwa vibaya na mwalimu wake, hakuushusha.)

Aliniuliza hivi: "Umesema madhara yanakua na unene wa pindo. Na mwale unaingia kwa mshazari. Si njia ndani ya pindo inakuwa ndefu?"

Nilimpa chaki. Akachora mistari miwili sambamba, pindo. Akachora mwale ulionyooka, kisha mwingine uliolala. Akaandika pembe, nyuzi 60, akagawa unene kwa kosaini. Unene wa pindo ulikuwa mmoja, njia ikatoka mara 2. Alisimama kidogo, kisha akasema kwamba kumbe mahali pa kuweka dirisha ni sehemu ya ugonjwa: dirisha la juu linalolenga kwa kulala linapita pindoni kwa muda mrefu kuliko dirisha la ubavuni linaloingia moja kwa moja.

Nikamwambia ndivyo, na kwamba visiwa vinawindwa hasa kutoka madirisha ya juu, kwa sababu huko ndiko mwale unakoweza kukusanywa vizuri mahali pake. Kwa hiyo unachagua: mwale mwembamba unaopita njia mbovu, au mnene kidogo unaopita njia fupi.

Akaniuliza kama 60 ndiyo pembe yenyewe ya ile mashine. Nikamjibu hapana, ni yake yeye, ila asiifute. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kutoa daftari, anainakili.